NANI ATANGULIE MLANGONI? SOMO LA KUGAWA INTANETI KWENYE RUTA

Katika jarida hili tumezoea insha, mashairi na maswali ya ngeli. Mwaka huu nimeomba ruhusa ya mwalimu mlezi wa chama nilete somo la tarakilishi, maana wapo wenzetu wanaoshikilia ati mambo ya mitambo hayasemeki kwa Kiswahili. Yanasemeka. Tena yanasemeka vizuri, kwani lugha hii ilikuwa inapanga foleni za majahazi bandarini kabla ya ruta kuzaliwa.

Suala lenyewe ni hili. Shule ya kutwa kama yetu ina laini moja ya intaneti. Maabara ya tarakilishi inaitaka, karani anaitaka, chumba cha walimu kinaitaka, na kila rununu ya mwalimu iliyo mfukoni inaitaka hata mwenyewe akiwa anafundisha. Ikifika saa nne asubuhi, video ya somo la kemia inabaki ikizungusha kale kaduara. Wanafunzi arubaini wanakodolea ukuta macho. Utasikia, "Neti imeenda!" Waama, mara nyingi neti haijaenda kokote. Imo, ila imejaa, na hakuna aliyeamua nani atangulie. Kwa mwanafunzi mwenye intaneti nyumbani hiyo ni hasara ndogo, atatazama jioni. Sisi wengine ambao maabara ndiyo intaneti yetu pekee, somo likikwama limekwama.

Uamuzi wa nani atangulie hufanywa ndani ya ruta. Niliyoyajua kuhusu jambo hili nimeyapata kwa mjomba wangu (nyumbani tunamwita nera) ambaye kazi yake ni kufunga mitandao katika ofisi za hapa Kisumu, na likizo iliyopita nilimbebea ngazi na makoleo.

Tuanze na maneno. Ruta ni kisanduku kinachopokea data upande mmoja na kuipeleka upande mwingine. Kila tundu la waya la ruta ni mlango. Vitabu vya tarakilishi huuita kiolesura, nami nitasema mlango kwa sababu ndivyo ulivyo: kitu kinaingia, kitu kinatoka. Data haipiti kama maji. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1500, yaani biti 12,000. Upana wa njia, ambao wataalamu huuita kipimo data, ni idadi ya biti zinazoweza kupita kwa sekunde moja. Laini ya megabiti 10 hupitisha biti milioni 10 kwa sekunde. Ukigawanya utaona pakiti moja kubwa inachukua sekunde 0.0012 kupita. Kwenye laini ya kilobiti 64, ambayo ofisi nyingi za Kenya zilikuwa zikikodi kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, pakiti hiyo hiyo ilichukua karibu sekunde 0.19. Ndiyo maana wazee wetu wa mitandao walijifunza mapema kupanga foleni. Njaa ni mwalimu mkali.

Sasa twende Luanda K'Otieno, kule Siaya, magari yanakovukia kwa feri kwenda Mbita. Barabara ya kufika pale inaweza kubeba magari mengi kuliko feri. Kwa hivyo foleni haiwi Bondo wala haiwi Kisumu, huwa pale ufukweni, mahali ambapo njia pana inakutana na njia nyembamba. Sasa fikiria ambulensi imefika nyuma ya malori kumi ya mchanga. Kama kuna mtu wa kupanga magari, ataipitisha mbele. Kama hayupo, mgonjwa atangoja zamu yake nyuma ya mchanga. Angalia vizuri: mpangaji hajaiongezea feri hata nafasi moja. Amebadilisha mpangilio tu, na mpangilio huo ndio tofauti ya uhai na kifo.

Kazi ya mpangaji huyo ndani ya ruta ndiyo huitwa ubora wa huduma. Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe.

Kosa linalofanywa na wengi liko hapa, nami nitalikalia kidogo. Nilimwuliza, "Mjomba, mbona ruta inaandika megabiti 100 mlangoni na shule inalipia 10?" Akacheka. "Hiyo 100 ni upana wa waya. Upana wa njia uko kwenye risiti."

Yaani, waya kutoka kwenye ruta yetu hadi kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti unaweza kupitisha megabiti 100. Ruta ikitazama mlango wake inaona njia pana, haina haja ya kupanga foleni, inamwaga kila kitu nje. Kumbe mbele kidogo, ndani ya vifaa vya kampuni, kuna feri ya megabiti 10. Foleni inajipanga huko, mbali na mpangaji wetu. Unaweza kuandika sheria nzuri ajabu kwenye ruta ya shule, ambulensi mbele, mchanga nyuma, na zisifanye lolote, kwa sababu mahali zilipoandikwa hakuna foleni ya kupangwa.

Foleni hiyo ya mbali inaweza kuwa ndefu kuliko unavyodhani. Chukulia kisanduku chenye nafasi ya kuhifadhi megabaiti 1 ya pakiti zinazongoja, na upande wa kupakia ni megabiti 2 tu kwa sekunde. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Nane kwa mbili ni nne. Karani akianza kupakia faili kubwa na kujaza nafasi hiyo, kila pakiti inayokuja baadaye itangoja sekunde 4, hata kama ni kijipakiti cha mwalimu anayebonyeza ukurasa mmoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri kwamba sauti ya simu isichelewe zaidi ya sekunde 0.15 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende sawa. Sekunde 4! Mtu ataaga kabla ya kuitikiwa salamu. Ugonjwa huu wa foleni kuvimba ulipigiwa kelele sana na mhandisi Jim Gettys kuanzia 2010, na mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa moja iitwayo CoDel, ambayo hutazama pakiti imengoja kwa muda gani na kuitupa iliyokawia.

Huyo Jacobson si mgeni wa mambo haya. Mwezi wa Oktoba 1986, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyoachana kwa kama mita 400 hivi, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, siyo kilobiti. Tarakilishi zilikuwa zikiona pakiti haijajibiwa zinaituma tena na tena, njia ikajaa marudio matupu. Jacobson aliwafundisha watumaji adabu: ukiona pakiti imepotea, punguza mwendo. Mpaka leo tarakilishi nyingi duniani hutii adabu hiyo, na sisi tutaitumia sasa hivi.

Tiba ya kwanza basi ni kuiambia ruta ukweli. Kwenye mlango wa nje tunaweka kikomo kilicho chini kidogo ya upana wa kweli. Laini ni megabiti 10, tunaandika 9.5. Wanafunzi wenzangu niliowaeleza hili walinishangaa: mbona tutupe nusu megabiti tuliyoilipia? Hatuitupi, tunainunulia usukani. Tukitoa 9.5 wakati feri inabeba 10, ufukweni kwa kampuni hapajazani kamwe. Foleni inarudi ndani ya ruta yetu, na sasa mpangaji wetu ana kazi.

Hiyo ni data inayotoka. Je, inayoingia? Ruta haiwezi kuamrisha pakiti ambazo bado ziko baharini zikija. Mlango hupanga yale unayoyatoa tu. Lakini pakiti zinazoingia shuleni kupitia mlango wa nje hutoka kupitia mlango wa ndani kuelekea maabara, kwa hivyo kikomo cha kupakua tunakiweka kwenye mlango wa ndani. Pakiti zikicheleweshwa au kutupwa pale, mtumaji aliye London au Nairobi anakosa jibu, anakumbuka adabu ya Jacobson, anapunguza mwendo. Si dawa kamili kama ile ya kutoka. Yafaa hata hivyo, na kwa upande huu mjomba huacha nafasi kubwa zaidi, akaandika 9 badala ya 9.5.

Tukishapata foleni mikononi mwetu, tugawe. Ruta za MikroTik, zilizojaa kwenye saiba na mahoteli ya mji huu, zina namba tatu kwa kila kundi. Ya kwanza kwenye skrini imeandikwa "limit-at", nayo ni haki: kiasi ambacho kundi litapata hata wengine wakilia. Ya pili ni "max-limit", nayo ni dari: kiasi ambacho halitapita hata kama njia i tupu. Ya tatu ni kipaumbele, kuanzia 1 hadi 8, na 1 ndiye wa kwanza. Kuna siri hapa ambayo huwapotosha watu. Ruta hutimiza haki za wote kwanza. Ni baada ya hapo ndipo kipaumbele huamua nani achukue masazo. Kwa hivyo jumla ya haki zote isizidi upana uliotangazwa. Ukiwaahidi watu megabiti 15 kwenye njia ya 9, umetoa hundi isiyo na pesa benki.

Huu hapa mgawo ninaoupendekeza kwa shule kama yetu upande wa kupakua, na mwenye maoni tofauti aje tubishane kwenye mkutano wa chama. Jumla ni megabiti 9. Maabara haki yao 5, kipaumbele 2. Ofisi haki yake 1.5, kipaumbele 3. Chumba cha walimu 1.5, kipaumbele 5. Simu za sauti na yale maswali madogo ambayo tarakilishi huuliza ili kujua tovuti iko wapi, hayo tuyape 0.5 na kipaumbele 1, kwa kuwa hayali nyingi: simu moja ya sauti isiyobanwa ni kilobiti 80 kwa sekunde pamoja na bahasha zake. Nusu megabiti iliyobaki ni ya masasisho ya programu, yale mafaili makubwa ambayo tarakilishi hujichukulia zenyewe bila kumwuliza mtu. Kipaumbele 8. Yangoje usiku. Dari ya kila kundi iwe 9, isipokuwa masasisho yasipite 2 mchana na simu zisipite 1.

Nimeyapa maabara haki kubwa, na najua kuna mwalimu atakayesema nimejipendelea. Labda. Ila tazama dari: kama maabara haina mtu, walimu wanaweza kuchukua megabiti zote 9. Hakuna aliyenyimwa. Kufunga kabisa rununu za walimu, kama wengine walivyopendekeza, ni kumchoma nyumba mwenzio kwa sababu ya panya. Na ofisi nayo? Siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa kwenye tovuti ya KNEC, ofisi ndiyo ambulensi. Siku hiyo mwenye ruta abadilishe ofisi iwe 2 na maabara iwe 3 mpaka kazi iishe. Ruta si Katiba, hubadilishwa kwa dakika moja. Tena kuandikisha ni kupakia zaidi kuliko kupakua, kwa hivyo asisahau kugusa upande wa kutoka pia, ambao mara nyingi ndio mwembamba.

Kuhusu hizo megabiti 5 za maabara, msifurahi mno. Tarakilishi zikiwa 20 kila moja inapata kilobiti 250, na video ya kutazamika yataka kama megabiti 1.5. Ishirini zikitazama kila moja yake ni megabiti 30. Hazipo. Lakini video moja kwenye projekta ni megabiti 1.5 na darasa zima linaona. Hapo mpangilio bora umewekwa na mwalimu, ruta haikuhusika. Zaidi ya hayo, kuna mjanja anayefungua programu ya kupakua yenye miunganisho kumi kwa mpigo ili avute sehemu kumi wakati jirani anavuta moja. Ruta ikiwekwa kugawa kwa hesabu ya tarakilishi badala ya hesabu ya miunganisho, ujanja wake unaisha. Kwenye MikroTik aina hiyo ya foleni huitwa PCQ. Niliijaribu kwa mjomba, na sijui kwa nini si kila saiba inaitumia.

Wengine watauliza ruta inajuaje hii ni sauti na ile ni mchanga. Inaweza kutazama inakotoka, inakokwenda, au alama iliyoandikwa kwenye bahasha ya pakiti. Tangu 1981 bahasha hiyo ilikuwa na nafasi ya kuandika umuhimu, na mwaka wa 1998 ikapangwa upya kuwa biti sita, yaani alama 64, kuanzia 0 hadi 63. Alama ya 46 hutumiwa kwa sauti. Basi si kila mtu ajiandikie 46? Ndiyo taabu. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi za intaneti hupuuza au kufuta alama za wateja, na 46 yako ikishavuka mlango wa nje ni kama sare ya kiranja ukiwa sokoni Kibuye. Ndani ya shule inakupa heshima, nje wewe ni mteja tu.

Sasa nirudi kwenye zile ruta za Cisco zinazopatikana katika maofisi makubwa na vyuo, maana ziko na mtego wake. Mlangoni unaweza kuandika amri ya "bandwidth" na namba. Watu huandika namba kubwa wakitarajia kasi iongezeke. Haiongezeki hata biti moja! Namba hiyo ni maelezo tu, kama kibao cha "Viti 14" ubavuni mwa matatu. Lakini maelezo hayo huaminiwa. Foleni zilizoandikwa kwa asilimia hukokotolewa kutokana nayo: ukiacha 100 kwenye laini ya 10, ukasema sauti ipewe asilimia 10, umeipa sauti megabiti 10, yaani laini nzima. Pia ruta zinazotumia OSPF huchagua njia kwa kugawanya milioni 100 kwa namba hiyo. Ukiwa na faiba ya megabiti 10 na laini ya akiba ya mawimbi ya megabiti 4, gharama zitakuwa 10 na 25, na ruta itapita kwenye faiba. Ukiacha zote mbili 100, gharama ni 1 na 1, ruta itagawa safari nusu kwa nusu na laini ya 4 itazama. Milango ya zamani ya waya wa kukodi ilikuja ikiwa imeandikwa kilobiti 1544, ambao ni upana wa laini za Marekani. Mtu wa hapa mwenye laini ya kilobiti 64 asipobadilisha, ruta yake iliamini ina njia pana mara 24 kuliko iliyopo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa goigoi Kenya, Tanzania na Uganda. Siku kama hizo laini iliyoandikwa 10 inaweza kukupa 3. Kikomo chetu cha 9 hakina maana tena, kwa kuwa kiko juu ya upana wa kweli, na foleni imetoroka kwenda kujipanga kwingine. Mwenye ruta inambidi apime upya na kushusha kikomo mpaka 2.7 hivi, pamoja na haki za makundi yote. Wengi hawashushi. Wanaweka ratiba ya neema na kuitumia wakati wa njaa.

Namna ya kupima ni rahisi, hata kidato cha kwanza ataweza. Keti kwenye tarakilishi moja ya maabara, utume amri ya "ping" kwa tovuti iliyo hapa nchini wakati hakuna anayetumia laini, uandike muda. Tuseme milisekunde 15. Halafu mwambie mwenzako kwenye tarakilishi nyingine aanze kupakua faili kubwa, nawe utazame. Ikibaki 20 au 30, foleni iko mikononi mwenu. Ikiruka hadi 600, iko kwa kampuni. Punguzeni kikomo kwa nusu megabiti, mpime tena, hadi namba itulie. Kisha mrudie jaribio lote mkipakia badala ya kupakua, na mfanye saa nne asubuhi siku ya shule, maana jioni laini ya kampuni yaweza kuwa na sura nyingine kabisa.